Nyuma ya Wembe Hapapimwi

Sketi sitini zilikatwa kabla ya chai ya saa nne, na zote sitini zilikuwa na miguu.

Katika karakana ile ya sare za shule kitambaa hakikatwi kimoja kimoja. Hutandazwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, mpaka zitimie sitini. Mkataji huweka pateni ya karatasi juu yake, huizungushia chaki, kisha huwasha kisu cha umeme na kupita mara moja. Akipatia, amepatia mara sitini. Akikosea, vivyo hivyo. Karakana za watu waangalifu humweka mtu wa pili apime mistari kabla kisu hakijawashwa, lakini hii haikuwa na mtu huyo. Mkataji wao alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuharibu hata kola moja. Walimwita Wembe, na pale ndani likawa neno la kila siku, tena la kujivunia: nyuma ya Wembe hapapimwi.

Asubuhi hiyo Wembe alichora huku akiimba. Miezi michache nyuma alikuwa hawezi hata kuchana nywele zake. Sasa, wiki ya sita tangu aanze vidonge vyeupe vya hospitali, alikuwa anafika kazini kabla ya mlinzi. Alilala saa tatu kwa siku na hakuchoka. Aliongea na watu watatu kwa mpigo na wote watatu wakacheka. Bosi mwenyewe alisema dawa za siku hizi ni kiboko, na kwa kuwa maagizo ya sare za muhula mpya yalikuwa yanamiminika, hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

Wazo la miguu lilimjia akiwa ameshika chaki. Kwa nini mtoto wa kike akimbie huku ameshika sketi? Akachora pateni mpya yenye mpindo katikati, sketi ikawa suruali pana inayojifanya sketi, na mwili wote ukamsisimka kwa jinsi jambo lilivyokuwa wazi. Wazo lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa baya. Ubaya ni kwamba hakuna shule iliyoliagiza.

Wa kwanza kuona alikuwa Bi Vifungo, mama mtu mzima anayeshona vifungo kwenye kona ya dirishani. Aliinua kipande kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mwanangu," akasema, "hii sketi mbona ina njia panda?"

Wembe akamweleza, kisha akaieleza karakana nzima, na Bosi alipoingia akamweleza yeye pia, amesimama juu ya kiti. Atawaita walimu wakuu wote. Atafungua karakana tano. Maneno yalikuwa yanatoka kabla hajayamaliza yaliyotangulia, na wale waliokuwa wanacheka wakaanza kuangalia chini, mmoja baada ya mwingine. Bosi hakubishana naye. Alichomoa waya wa kisu cha umeme, akauviringisha mkononi polepole, akaufungia kabatini mwake, kisha akamtuma mtu amwite mumewe.

*

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, mwenye imani kubwa na vitu vinavyofunguka kwa bisibisi. Wembe alimwita Fundi tangu uchumba. Alimrudisha mkewe nyumbani akiwa bado anahutubia barabara nzima, na jioni ile dada yake, yaani wifi yake Wembe, akaja na begi la nguo kusimamia mambo.

Wifi huyo alikuwa mwanamke wa maamuzi. Alisema vidonge ndivyo vilivyomtia mtu wazimu, basi visionekane tena. Fundi aliafiki kwa sababu za ufundi: mashine ikichemka unachomoa waya kwanza, maswali baadaye. Akavitia vidonge vilivyobaki ndani ya sanduku lake la vifaa. Hospitali hakwenda mtu. Wangesema nini? Na wakishasema, nani atawazuia majirani wasilisikie lile neno linaloandikwa kwenye cheti? Walimfungia Wembe ndani siku tisa, wakawaambia watu ana homa.

Siku ya kumi alinyamaza. Mwishoni mwa wiki ya tatu mwili ulikuwa umerudi kuwa mzito kama nguo iliyolowa, na aliujua uzito huo. Alikuwa ameubeba mwanzoni mwa mwaka, na mwaka juzi, na kabla ya hapo.

Jumapili wakakaa kikao sebuleni. Wembe alikuwepo, tena kwenye kiti cha katikati, lakini walizungumza kana kwamba ametoka kidogo. Wifi aliona aache kazi kabisa. Fundi aliona apewe kazi nyepesi. Binti yao wa miaka kumi na mitano alisema kwa sauti ndogo kwamba labda mama aulizwe mwenyewe, akaambiwa akaangalie sufuria.

Wembe akainuka kumfuata jikoni. Hakuwa na nguvu za kubishana, ila kukata kitunguu angeweza, na mikono yake ilikuwa inatamani kukata kitu chochote. Akafungua droo. Vijiko vilikuwepo, uma zilikuwepo. Visu vyote vilikuwa vimeondolewa.

"Viko wapi?" akamuuliza binti yake.

Binti aliangalia sakafu. "Shangazi ameviweka kwenye begi lake. Amelifunga kwa kufuli."

Wembe alisimama pale na kitunguu mkononi. Aliona aibu, aibu ya kuhemewa shingoni, na chini ya ile aibu, mbali sana, akasikia hasira. Alifurahi kuisikia. Ilikuwa kitu cha kwanza kumchangamsha tangu siku ya sketi. Akaenda na kitunguu sebuleni, akakiweka mapajani mwa wifi yake.

"Kimenye wewe, wifi," akasema. "Mwenye visu ndiye mpishi."

*

Bosi alikubali arudi, lakini si mezani. Aliwekwa pembeni ya Bi Vifungo, akapewa mashati na sindano, kila shati vifungo saba. Meza ya kukatia alipewa kijana mmoja wa kuajiriwa, mwenye adabu na mwoga, aliyetumia kisu kingine cha zamani, akapima kila mstari mara nne na kutoa mzigo mmoja pale Wembe angetoa mitatu. Wenzake walimsalimia Wembe kwa sauti ya hospitali. Mtu akiacha mkasi karibu naye, mwingine alikuja kuuhamisha huku akijifanya anautafuta.

Bi Vifungo peke yake hakubadilisha sauti. Siku ya pili alimwambia kwamba vifungo vyake vimelegea, avirudie. Wembe karibu amkumbatie.

Wiki ya kufungua shule ilipokaribia, Bosi akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Alianza kwa mbali, akamuuliza hali ya nyumbani, ya binti, ya friji za Fundi. Kisha akashusha sauti.

"Vile vidonge vyako viliisha?"

Wembe alisema havikuisha.

"Mimi si daktari," Bosi akasema. "Lakini ulipokuwa unavimeza ulikuwa moto. Ungemeza hata kimoja kimoja, kwa wiki hii tu. Mimi ningesimama hapo hapo mezani nikuangalie. Ukianza mambo ya miguu, nakuzuia."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkopesha mwenzake mwavuli. Na hapa lazima isemwe, kwa sababu wengine hulificha: Wembe alitamani. Alijua sanduku la Fundi lilipo. Zile siku za kuwaka zilikuwa tamu kuliko siku yoyote aliyopewa na Mungu. Mwili mwepesi, kichwa kimewaka taa zote, kila mtu anampenda. Na wakati huu alikuwa chini, mahali ambapo kuinua kijiko ni kazi. Kidonge kimoja tu, na mezani atarudi.

Akamtazama Bosi, na mara akamwona vizuri. Huyu hakumtaka Wembe mzima. Alimtaka Wembe aliyewaka, na akiungua atachomolewa waya, afunikwe turubai mpaka msimu mwingine. Na wale wa nyumbani walimtaka aliyezimwa. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtafuta yeye mwenyewe.

"Bosi," akasema, akiweka shati chini, "ukitaka kitu cha kuwashwa na kuzimwa, kinunue dukani."

Akaenda kwenye ukuta wa pateni. Kila mkataji ana mkono wake, na pateni za Wembe zilikuwa zake, alizichora mwenyewe, na kila moja ilikuwa na tarehe kwa penseli pembeni, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kazi. Akaanza kuzishusha kutoka msumarini. Alipofika ya tano mkono ukasimama. Akasoma tarehe, akasoma ya chini yake, akarudi kusoma ya kwanza.

Bi Vifungo alimuuliza kama anahama.

"Naenda hospitali," akajibu Wembe. "Leo Jumanne. Yule daktari huja Jumanne."

*

Safari ya kwanza hospitali ile, mwanzoni mwa mwaka, alipelekwa na wifi, na aliyeongea ni wifi. Ndiyo desturi, mgonjwa hukaa na anayemleta husema. Wifi alisema halali, hali, halii wala hacheki. Yote yalikuwa kweli. Daktari akaandika, akauliza tangu lini, akaandika tena, akatoa vidonge vya sonona. Wembe hakufungua mdomo hata mara moja. Zile wiki nyingine, za kuchora bila kulala, hakuna aliyezitaja, kwani nani ameshawahi kwenda hospitali kushitaki furaha?

Safari hii alikuta Fundi anamsubiri getini, ameshika sanduku lake la vifaa, anahema. Bosi alikuwa ameshapiga simu.

"Turudi nyumbani," akasema. "Dada amesema tukae kwanza, tuzungumze."

"Mmezungumza Jumapili nzima mimi nikiwa kwenye kiti. Leo nazungumza mimi." Akampa bunda la pateni. "Shika hizi. Usizikunje."

Fundi akazishika. Labda ni mazoea ya kushikishwa vitu, labda ni ile sauti, ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. Akamfuata ndani kama mtu aliyebeba vioo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye foleni ndefu nje ya mlango. Alinyoosha mkono kwa Fundi na kuanza kumuuliza mgonjwa anaendeleaje. Wembe akamwambia mgonjwa ni yeye, na maswali aletewe yeye. Kisha akazichukua pateni, akazipanga, kwanza mezani, halafu mezani pakajaa, akashuka sakafuni.

"Hizi hapa ni za miaka mitatu iliyopita," akasema. "Kumi na moja, kwa siku tisa. Kwa kawaida pateni moja hunichukua siku tatu. Baada ya hapo angalia, miezi minne hakuna hata moja. Hizi ni za mwaka juzi, nane kwa wiki moja. Halafu miezi mitatu, hakuna. Hizi za mwisho ni za nilipokuwa nameza vidonge vyako. Kumi na nne. Na ya kumi na nne ndiyo hii ya sketi yenye miguu."

Daktari aliacha kalamu. Akainuka, akazunguka meza, akachuchumaa sakafuni katikati ya makaratasi, koti jeupe likigusa vumbi. Alisoma tarehe moja moja. Nje mtu aligonga mlango na hakujibiwa.

"Hii wiki ya mwaka juzi," Fundi akasema ghafla kutoka kwenye kiti chake, "ndiyo uliyopaka nyumba rangi mara mbili. Ukanunua na friji tatu mbovu ili nikafungue duka." Akazitazama pateni. "Mimi nilidhani ndiyo umepona."

"Ile siku ya kwanza kwa nini hukuniambia?" daktari akamuuliza Wembe.

"Uliuliza habari za siku mbaya. Na wala hukuniuliza mimi."

Daktari hakukimbilia kujitetea. Alikubali kwamba alipaswa kuuliza yote mawili, kupanda na kushuka, na kumuuliza mwenyewe, na hakuuliza. Akaeleza polepole, akiwa bado amechuchumaa, kwamba ipo sonona ya kushuka tu, na upo ugonjwa wa kupanda na kushuka, ambao wengi huuita baipola, na mtu akiwa chini yote mawili yana sura moja. Ila dawa ya kumwinua yule wa kwanza, ikipewa peke yake, inaweza kumrusha huyu wa pili. Akasema kuvikatisha vidonge ghafla bila kumwambia mtu nako kulikuwa hatari. Fundi akatazama sanduku lake. Kisha daktari akamuuliza Wembe kama amewahi kuwaza kufa.

"Mwaka juzi," akasema Wembe. "Siku nyingi tu. Na juzi."

Fundi alifunika uso kwa mkono mmoja, ule mwingine ukamtafuta mkewe ukampata begani. Daktari alikaa naye kwenye jambo hilo muda mrefu, foleni ikisubiri, na alipomaliza alikuwa ameandika namba yake ya simu kwenye karatasi mbili, moja ya kila mtu. Dawa mpya, akasema, itakuwa ya kushika usawa. Itataka kupimwa damu mara kwa mara, maji ya kutosha, na subira, maana haifanyi kazi kesho. Na mikono inaweza kutetemeka.

"Mimi ni mkataji," akasema Wembe.

"Najua."

"Basi jua na hili. Dawa nitameza, damu nitatoa. Lakini ukinipa kipimo kinachoninyang'anya meza, nitarudi hapa na makaratasi mengine, na tutagombana mpaka tukipate kinachofaa."

Daktari alicheka kidogo. "Njoo tugombane," akasema. "Wiki ijayo. Nitakuwa nakusubiri."

Jioni ile wifi aliuliza wamesema nini. Fundi, ambaye tangu utoto hakuwahi kumwambia dada yake neno la kupingana, alisema mke wake atamwambia mwenyewe akipenda, na kwamba sasa anaomba funguo za lile begi. Vidonge vilivyobaki viliachwa kwa daktari. Visu vilirudi jikoni kesho yake, si vyote kwa siku moja, kwa sababu Wembe mwenyewe aliomba kimoja tu kwanza. Alijua yuko wapi, na alitaka vingine aviombe akiwa amesimama imara.

*

Walipimana, wakagombana, wakapunguza, wakaongeza. Ilichukua miezi. Kuna wiki Wembe alikaa na Bi Vifungo akishona vifungo saba kwa kila shati na kulia juu ya kola, na kuna wiki aliamka akakuta asubuhi ni asubuhi tu, haimkabi wala haimrushi. Siku ya kwanza ya namna hiyo hakuamini. Ya kumi akavaa nguo za kazi, akaenda kusimama mbele ya meza ya kukatia.

Yule kijana akampisha kwa furaha isiyofichika. Mashine za kushonea zikanyamaza moja moja. Bosi akatoka ofisini.

"Mkono unatetemeka," akasema, na ilikuwa kweli, kidogo, kama jani la juu.

"Unatetemeka. Kisu kina kilo zake na kitako chake kinateleza juu ya meza. Hakishikwi hewani." Wembe akaweka pateni juu ya tabaka sitini za kitambaa cha buluu, akaikandamiza kwa vyuma vya uzito, akaizungushia chaki kwa kutumia rula ya mbao. Alichora bila kuimba. Alipomaliza akavua utepe wa kupimia shingoni, akamnyooshea Bi Vifungo.

"Nipimie."

Hakuna aliyesogea. Kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyepima mstari wa Wembe, na kuupima leo, mbele ya watu, ilikuwa kama kumvua nguo. Bi Vifungo aliutazama utepe, akavaa miwani, akaja. Alipima kiuno, akapima urefu, akapima nyonga. Akarudia nyonga.

"Hapa umezidisha nusu kidole," akasema.

Bosi alipumua kama mtu aliyeona alichokitarajia, akaanza kusema kwamba ndiyo maana yeye alikuwa anafikiria.

"Ndiyo maana ya kupima," Wembe akamkata. Akafuta ule mstari kwa kiganja, akauchora upya, Bi Vifungo akapima, akatikisa kichwa kukubali. "Makosa mangapi mmenikuta nayo miaka yote hii, Bosi? Hamjui. Hamkupima. Mlikuwa mnapiga makofi. Kuanzia leo mstari wangu unapimwa, na wa huyu kijana unapimwa, na siku ukishika chaki wewe, wako pia. Mimi naumwa na ninatibiwa. Atakayetaka kulijua jina la ugonjwa aje aniulize mwenyewe, nitamwambia." Akaushika mpini wa kisu chake kwa mikono yote miwili. "Sasa niletee waya wangu."

Bosi alisimama. Alitazama mashine zilizonyamaza, na nyuso zilizokuwa zinamtazama yeye badala ya kumtazama Wembe. Akaingia ofisini, kabati likasikika likifunguliwa, akarudi na waya bado umeviringishwa vile vile alivyouviringisha siku ile. Soketi ilikuwa chini ya meza, ukutani, mahali pa kufikiwa kwa magoti, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyejitolea, Bosi akapiga magoti akauchomeka.